Nambari Tatu za Siki ya Waya

Nakumbuka Jumamosi niliyoandika nambari tatu kwenye daftari la maabara, na zote tatu zilikuwa za uongo. Jua lilikuwa limeshika vioo vya madirisha, harufu ya siki imejaa chumba, na mkono wangu haukutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo, mwanangu. Mtu hufikiri kwamba siku atakapofanya kosa kubwa moyo utampiga kwa nguvu ili ajue. Wangu ulikuwa umetulia tuli. Niliandika, nikaosha vyombo, nikafunga mlango, nikaenda nyumbani kula.

Nimepita miaka arobaini sasa, na nimeishi mahali pengi kuliko inavyompasa mtu mwenye akili timamu. Nimepima utamu wa miwa Muhoroni, nimefunga maua Naivasha, nimeuza mitumba Busia, nimekaa Mwanza mwaka mzima kwa sababu tu nilitaka kuliona ziwa hilihili la Kisumu kutoka upande wa pili. Watu wetu husema miguu yangu ina wadudu. Huenda. Lakini safari yangu ya kwanza haikuwa ya kutaka kuiona dunia. Nilikuwa nakimbia, na leo nataka nikueleze nilikuwa nakimbia nini.

Shangazi yangu, dada ya baba, ndiye aliyenilea. Kwetu Wajaluo shangazi huitwa waya, na mimi sikuwahi kumwita jina jingine. Aliishi Mamboleo, pembeni mwa mji wa Kisumu, nyuma ya maduka, katika nyumba ya vyumba viwili yenye ua mdogo, na ua huo wote ulijaa mapipa ya plastiki yaliyofunikwa vitambaa. Humo alitengeneza siki. Alinunua juisi ya miwa kwa jamaa mmoja aliyekuwa na mashine ya kukamulia pale njia panda, akaiacha ichachuke, kisha akamtia mama. Mama ni ule utando mzito, laini kama ini, unaoelea juu ya siki. Ndiye anayeigeuza juisi iliyochacha ikawa siki. Huyu wa Waya alikuwa ametoka kwa bibi yangu, aliyekuwa mpishi wa misheni kule Asembo Bay. Waya alipoolewa alimbeba ndani ya chupa ya maziwa, ameipakata mapajani njia nzima kama mtoto mchanga.

Katika siki hiyo aliloweka pilipili, vitunguu na karoti, akafunga kwenye chupa, akazunguka na beseni kichwani kwenye hoteli za samaki za ufuoni. Kama ulikula samaki wa kukaanga Kisumu miaka ile na pilipili ikakutoa jasho puani, inawezekana ilitoka kwa mkono wake.

Hakuwa na kipimo chochote isipokuwa ulimi. Alichovya kijiko cha mti, akaweka tone nyuma ya ulimi, akafumba jicho la kushoto, akangoja. Jicho la kulia likijifumba lenyewe, siki imeiva. Likibaki wazi, anarudisha kitambaa na kuondoka. Sisi watoto wa ploti, wa nyumba zile za kupanga, tulimwiga sana, naye akitukuta alitufukuza kwa kijiko hichohicho.

Sasa, siku moja akaja Mama Risper, mwenye hoteli kubwa ya samaki kule ufuoni. Alikaa kwenye kiti chetu kizuri, akaeleza kwamba anataka chupa kwenye kila meza, na nyingine za kuuzia wageni warudi nazo Nairobi. Angetuma gari lije kuzichukua. Magoti ya Waya wakati huo yalikuwa yamechoka kabisa. Kulikuwa na asubuhi alizoshuka kitandani kwa kushikilia ukuta. Kwa hiyo aliposikia habari ya gari, niliona uso wake ukifunguka.

"Lakini hizo za kubeba zitakaa miezi," Mama Risper akasema. "Siki ya dukani imeandikwa asilimia tano. Yako ni ngapi?"

"Yangu ni kali."

"Kali ni ngapi?"

"Kali ni kali, Mama. Si uonje?"

"Mimi nimeonja miaka mingi. Mgeni wa Nairobi haonji kabla ya kununua. Wewe niletee karatasi tu."

Alipoondoka Waya aliangua kicheko. "Umesikia maajabu? Siku hizi hata siki inaitishwa kitambulisho!" Kisha akaacha kucheka, akaenda kwenye pipa la karibu, akaonja. Jicho la kulia lilisitasita, likafumba nusu. Mvua zilikuwa zimenyesha sana msimu ule, na miwa ya mvua huwa na maji mengi na sukari kidogo. "Hii imenyamaza kidogo," akasema. "Ningeipa mwezi mmoja zaidi. Lakini Mama Risper anataka chupa kabla shule hazijafungwa. Wewe si unashinda kwenye maabara? Ipime. Kile chombo kitasema ndicho nitafuata."

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, na nilikuwa nimepata kibarua katika maabara ya shule moja ya kutwa, chini ya Mzee Wanyama, Mluhya mpole aliyekuwa ametunza chumba kile tangu kilipojengwa. Hapa lazima nikueleze jambo moja kuhusu tulivyosoma, maana kosa langu lilizaliwa humo.

Kemia ina kipimo kiitwacho titresheni. Unachukua asidi, siki kwa mfano, unaizimua kwa maji mara kumi, unapima kiasi kamili kwa pipeti na kukitia ndani ya chupa yenye shingo nyembamba. Unaongeza matone mawili ya dawa isiyo na rangi. Halafu juu yake unasimamisha bureti, mrija mrefu wa kioo wenye mistari ya kupimia na kibomba chini, uliojazwa kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, iliyoyeyushwa kwa kipimo kinachojulikana. Unafungua kibomba, kostiki inadondoka, wewe unatikisa chupa. Kila tone la kostiki linaua asidi kidogo. Asidi ikiisha kabisa, tone moja tu, moja, linageuza maji yote kuwa rangi ya waridi hafifu. Unafunga hapohapo na kusoma mrija umepungua kiasi gani. Kostiki ikienda nyingi, asidi ilikuwa kali. Ikienda kidogo, ilikuwa dhaifu. Unarudia mara tatu.

Kazi nzuri, ya subira. Lakini sisi wanafunzi hatukuifanya hivyo. Katika mtihani mwalimu huifanya kwanza, na jibu lako linalinganishwa na lake. Ukimkaribia unapata alama, na nambari zako tatu zikikaribiana unapata nyingine. Kwa hiyo nambari ya mwalimu ilinong'onwa kutoka meza hadi meza, na kila mtu aliiandika, hata yule ambaye bureti yake ilikuwa inavuja sakafuni. Hiyo tuliiita kupika. Nilipika vizuri, mwanangu. Kemia ndiyo iliyonipa gredi ya kujivunia nyumbani.

Jumamosi hiyo Mzee Wanyama alikuwa amekwenda mazishini kwao, upande wa Bungoma, akaniachia ufunguo. Nilijua nambari niliyokuwa naitafuta. Yeye mwenyewe alikuwa amewapimia wanafunzi siki ya dukani, ile ya asilimia tano, na ubao ulikuwa bado una chaki yake: ishirini nukta nane.

Nikajaza bureti. Nikaanza. Kwenye kumi na nne nukta tatu, maji yakageuka waridi.

Nikasema hapana, hii siki ni ya hudhurungi, macho yamenidanganya. Nikarudia polepole, karatasi nyeupe ikiwa chini ya chupa. Kumi na nne nukta moja. Mara ya tatu niliinama mpaka paji la uso likagusa kioo. Kumi na nne nukta mbili.

Nilijua hesabu. Ilikuwa asilimia tatu na kitu. Nilisimama pale nikauona uso wa Waya ulivyofunguka aliposikia habari ya gari, nikakumbuka anavyoshikilia ukuta asubuhi, na nikajiambia kwamba siki imekuwa siki miaka yote bila nambari. Kisha nikageuka kuangalia ubao. Nikaandika ishirini nukta nane, ishirini nukta nane, ishirini nukta tisa. Hiyo tisa niliiweka ili ionekane ya kweli.

Nilinakili jibu kwenye karatasi, na Waya akaishika kwa mikono miwili. "Tano?"

"Tano, Waya."

Alikwenda kwenye pipa, akaonja tena. Niliona ananitazama, anatazama karatasi, anatazama kijiko. Kisha akakiweka kijiko juu ya ukuta. "Haya," akasema. "Chombo ni chombo." Siku mbili zilizofuata tulikata pilipili mpaka vidole vikawaka moto, na Jumanne gari la Mama Risper likaja.

Mzee Wanyama alirudi Alhamisi. Alikuwa na desturi ya kusoma daftari la maabara akinywa chai, kama watu wengine wanavyosoma gazeti.

"Naona ulipimia shangazi siki."

"Ndiyo, Mzee."

"Nambari nzuri. Zimesimama kama askari wa gwaride." Akapuliza chai. "Ulijaza bureti mara ngapi?"

"Mara moja tu, Mzee," nikajibu haraka, nikidhani anaogopa nimemaliza kostiki yake.

Alikunywa, akaweka kikombe, akafuta mdomo. "Bureti yetu inabeba hamsini. Ishirini nukta nane mara tatu ni ngapi?"

Hata wewe umekwisha kuhesabu. Ni zaidi ya sitini.

"Mimi pia nilisoma hapa nchini," akasema taratibu. "Najua wanafunzi wanapika. Mwanafunzi akipika, anamdanganya mtu wa kusahihisha, ambaye hata hamjui. Lakini wewe umempikia mtu ambaye atakula." Akanirudishia daftari. "Siki dhaifu haihifadhi kitu. Hizo chupa zitachacha na joto hili. Nenda kwa shangazi yako leo. Usingoje kesho. Nenda sasa, vyombo nitaosha mimi."

Nilitoka mbio kweli. Nilifika njia panda ya Mamboleo, na kutoka pale nyumba ni dakika tatu kwa mguu. Nilimwona Waya kwa mbali, mgongo wake, akianika vitambaa. Na kando yangu lilikuwa limesimama lori la miwa linalorudi Muhoroni tupu, utingo akiita watu wapande. Nina binamu Muhoroni. Nikapanda, nikijiambia nitakaa siku mbili nijipange maneno.

Nilikaa siku kumi na mbili. Binamu yangu hakuniuliza kitu. Alinituma maji na kuni, nikawa najifanya mgeni wa kawaida. Kila asubuhi niliamka na maneno yamepangika vizuri, na kila saa sita yalikuwa yamevurugika. Mwishowe nilirudi, lakini si kwa ujasiri. Siku ya kumi na mbili upepo uligeuka, ukaleta harufu ya miwa iliyochacha kutoka mitaro ya kiwanda cha sukari, na ilikuwa harufu ya ua wetu kabisa. Nililia barabarani kama mtoto aliyepotea sokoni. Nikaomba lifti kwenye trekta, kisha lori, nikafika nyumbani saa saba mchana.

Waya alikuwa ameinama ndani ya pipa, analisugua kwa majivu. Mapipa mengine yalikuwa yamelazwa chini, matupu. Chupa zilijaa kwenye karai.

"Umerudi," akasema bila kuinuka. "Chukua kitambaa."

"Waya, kumetokea nini?"

"Ni mikono yangu, nyathina." Nyathina ni mwanangu kwa lugha yetu. "Nimezeeka, nimeanza uchafu. Chupa zimetoa povu zote. Moja ilimrukia mgeni wa Mama Risper, shati jeupe, karibu ampige mhudumu. Amezirudisha zote na maneno juu."

"Kuna mtu aliugua?"

"Mungu alisaidia. Kabla hawajala zilinuka." Akaendelea kusugua. "Nikajiuliza kosa liko wapi. Siki iko sawa, karatasi imesema. Basi ni mimi sikuosha pilipili vizuri, au mikono, au huyo mama ameingia uchafu."

Niliangalia pipa la pembeni, lile dogo ambalo hatukuruhusiwa kuligusa. Lilikuwa limeinamishwa kifudifudi.

"Waya. Mama yuko wapi?"

"Nimemtupa. Juzi. Nilimmwaga kwenye mtaro." Sasa aliinuka, akashika kiuno. "Niliogopa, Adhis. Kama uchafu uko ndani yake, ningeendelea kuwalisha watu ugonjwa."

Juzi. Kama ningerudi baada ya siku mbili nilizojiahidi, au tano, au tisa, ningemkuta. Mwanangu, yale maneno niliyokuwa nikiyapanga Muhoroni siku kumi na mbili yote yalinitoka, yakabaki machache tu. Nikamwambia: nambari zilikuwa za uongo. Niliziandika mwenyewe. Siki ilikuwa dhaifu.

Alikaa juu ya pipa lililopinduliwa. Nilingoja kofi, na ningelipokea kwa shukrani.

"Ilikuwa ngapi?" akauliza. "Ile ya kweli."

"Tatu nukta nne."

"Na ya dukani ni tano."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ilikuwa imenyamaza."

"Ilikuwa imenyamaza, Waya."

"Mimi nilisema imenyamaza."

"Ulisema."

Basi akacheka. Kicheko kifupi, kisha akajifunika uso na leso, na mabega yakaanza kutikisika, na sikujua tena kama ni kicheko. "Wiki hizi zote," akasema kutoka nyuma ya leso, "nimekuwa nikidhani ulimi wangu umekufa. Mboga naionja chumvi mara tatu, mara nne, siamini. Juzi nimemwita jirani aje anionjee mchuzi wangu mwenyewe. Mimi!" Alifuta uso, akanitazama, na macho yake hayakuwa na hasira niliyoitarajia. Yalikuwa yamechoka. "Ungeniambia tatu, ningengoja. Kungoja ninajua, kazi hii yote ni kungoja. Lakini wewe ulinipa tano, ukaninyang'anya ulimi."

Hakuniadhibu zaidi ya hapo. Alinipa kitambaa, tukasugua mapipa mpaka jioni.

Tulianza upya. Mama mpya aliota mwenyewe baada ya miezi, kama anavyoota akiachwa na hewa na subira, na siki ikawa siki. Lakini haikuwa ile. Wateja wa zamani walisema ni nzuri, wakasema hivyo kwa heshima. Mama Risper hakurudi. Waya aliendelea na beseni, na nilipompokea beseni hilo nikalibeba mimi, nilijua kwamba nabeba kitu ambacho gari lingekibeba, tena si mwaka ule tu bali miaka yote, kama ningesema tu kwamba bado ni tatu, tusubiri kidogo. Mama Risper alikuwa mtu wa kungoja mwezi mmoja. Hatukumpa nafasi ya kungoja.

Leo nimerudi Kisumu kwa muda, na naona vijana wa siku hizi hawanong'oni tena nambari ya mwalimu. Inawafikia kwenye simu hata kabla ya mtihani, pamoja na picha ya ubao. Siwacheki. Najua njaa ya alama ilivyo, na najua hakuna anayelala na njaa hiyo akiota ubaya. Ila nataka ujue kwamba mkono ukizoea kuandika kinachotakiwa badala ya kilichoonekana, hautakuuliza tena siku itakapokuwa dawa ya mgonjwa, au nguzo ya nyumba, au chakula cha shangazi yako. Utaandika tu, umetulia, kama mimi.

Kwa hiyo andika ulichokiona, mwanangu. Kikiwa kidogo, andika kidogo. Nambari ndogo haimuui mtu, inamwambia angoje au atafute njia nyingine, na watu wazima wanaweza kustahimili habari hiyo kuliko unavyowadhania. Usimfichie ukweli mtu kwa sababu unampenda. Mtu mwenye ujuzi wa mikono yake, awe hajasoma hata darasa moja, usitumie kalamu yako kumfanya ajitilie shaka. Na ukikosea, maana utakosea, usipange maneno. Nenda siku hiyohiyo, hata na maneno yasiyopangika, hata na sauti inayokwama, maana kinachoharibika kinaharibika wakati wewe unatafuta sentensi nzuri.

Mungu akutunze katika kazi utakayoishika. Akupe watu watakaokuuliza maswali magumu kwa upole, akupe nyumba ambayo hutaogopa kubisha mlango wake, na siku utakapokuwa mbali na pale unapopaswa kuwa, akupe nauli ya kurudi mapema.